Jiwe la Mchumba wa Biashara Street

Siku nilipopata hii kazi nilipiga simu nyumbani Mbooni, kwa duka la jirani, nikaomba waniitie mama. Akaja mbio, nikamsikia akihema kwenye simu. Nikamwambia kwa furaha yote niliyokuwa nayo, "Mama, nimekuwa gaidi!"

Simu ikakatika.

Jumapili hiyo kanisa zima liliniombea. Jumatatu kaka yangu alipandishwa basi aje anirudishe nyumbani kabla polisi hawajanifikia. Alinikuta nje ya stesheni ya reli, nimevaa kofia pana, nawaonyesha walimu kumi na wawili kutoka Eldoret mahali abiria wa zamani walipokuwa wakipangwa foleni. Akajificha nyuma ya nguzo mchana mzima akingoja nitoe bunduki. Jioni akanisogelea polepole, akaniuliza kwa Kikamba kama hao watu nimewateka wote au wengine wamekuja kwa hiari yao.

Kosa lilikuwa letu sote. Tulikuwa tunajiita "tua gaidi" bila kufikiri, maana ulimi wa kwetu haukupata njia nyingine ya kulipita hilo neno la Kiingereza, tour guide. Mama alipokuja kuelewa alicheka mpaka akakaa chini, lakini maombi hakuyaondoa. Alisema yabaki hapohapo, huenda yakanifaa siku nyingine.

Sasa nyinyi vijana mnaotembeza wageni katikati ya jiji, na spika zenu ndogo shingoni, na simu inayowaambia kila kitu, mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Niko hapa nyumbani Mountain View, magoti yalistaafu kabla yangu, na kila wiki mmoja wenu ananipigia kama mjukuu wangu: "Shosh, niaje, hilo jengo la kona lilikuwa nini kabla ya kuwa benki?" Nitawaandikia. Ila kuna jambo moja lazima nikiri humu ndani, na linahusu lile jiwe la Biashara Street ambalo nyote mnalipenda. Nitalichelewesha kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Njoroge. Alikuwa karani wa stesheni zamani, akaacha, akaanza kutembeza watu mjini kabla mtu yeyote hajajua kwamba hiyo ni kazi. Alibeba mwavuli mwaka mzima, mvua iwepo isiwepo, akiutumia kuelekeza madirisha ya ghorofani na kuwasukuma kando watu waliosimama mbele ya historia yake. Siku ya kwanza nilikuja na daftari nimejaza miaka na majina ya magavana. Akalichukua, akalifunga, akalitia kwapani.

"Msichana, historia ni ya pili," akasema. "Ya kwanza ni choo."

Nilidhani ananitania. Mzee hakuwa anatania. Alijua kila choo safi kutoka stesheni mpaka soko la maua, alijua nani anashika ufunguo, na alijua mtoto wa huyo mwenye ufunguo yuko darasa la ngapi. Mgeni aliyebanwa, alisema, unaweza kumwambia mji huu ulijengwa na sungura na ataitikia tu. Hata leo nikipita mjini siangalii majengo. Naangalia ni choo gani kimefungwa.

Alinifundisha kuweka wageni kwenye kivuli na mimi nisimame juani, maana mtu anayeungua hasikii. Alinifundisha kuwapanga migongo yao ikiwa ukutani, mikoba mbele, nami niwatazame, barabara ikiwa mgongoni kwangu. Shikeni hilo la kuta, nitalirudia baadaye kwa aibu. Alinifundisha pia kuwahesabu wageni kwa viatu. Nyuso zinageuka, kofia zinavuliwa, lakini hakuna anayebadilisha viatu katikati ya River Road.

Kwa hesabu hiyo ya viatu, siku moja nilianza na watu tisa nikafika mwisho na kumi. Wa kumi alikuwa muuza mishipi. Alijiunga nasi karibu na stesheni akijaribu kuniuzia, akasikia ninasema nini kuhusu barabara anayoifanyia biashara, akatundika mishipi yake begani akatufuata saa mbili nzima. Ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko wote: "Mathe, na hawa watu wote walikuwa wanakula wapi mchana?" Nikamjibu kwa somo la mwisho la Mzee Njoroge, ambalo ndilo lililonitia matatani.

Somo lilikuwa hili. Mwongozaji hasemi "sijui." Mgeni akiuliza usichojua, unatabasamu, unanyoosha mkono kuelekea mbele, unasema, "Hilo tutalifikia mbele." Halafu unatembea. Ukifika mbele ameshasahau, au amechoka, au ameona duka la vikapu. Mzee alilitumia neno hilo miaka yote ya kazi yake. Kuna maswali ya Mzee Njoroge ambayo hadi leo hayajafikiwa, na yeye mwenyewe ameshatutoka, Mungu amlaze pema.

Haya. Jiwe.

Mnalijua lile duka la vitambaa, lenye mlango wa buluu na baraza pana. Chini ya mlango kuna jiwe la kukanyagia, jeusi, limelainika, na kwenye ukingo wake upande wa kulia limebonyea kama kijiko. Mzee Njoroge hakuwahi kusema lolote kulihusu. Nami nililipita miaka bila kuliona.

Siku hiyo nilikuwa na wauguzi kutoka Nakuru. Mvua ilitukuta Biashara Street, ile mvua ya Aprili isiyoomba ruhusa, tukajibanza barazani. Nusu saa ikapita. Nilikuwa nimemaliza historia yote niliyokuwa nayo, nimeongeza na ya Machakos, na mvua haina habari. Hapo muuguzi mmoja, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akainama akauliza, "Na hili jiwe, mbona limeliwa upande mmoja?"

"Hilo tutalifikia mbele," nikasema.

"Mbele wapi, mama, na hii mvua?"

Wenzake wakacheka. Wote wakanitazama. Jamani, ningefanya nini? Nikafungua mdomo, na kilichotoka sikukijua mpaka nilipokisikia. Nikasema palikuwa na karani mmoja maskini aliyempenda binti wa mwenye duka. Baba akamkataza kijana kukanyaga ndani. Basi kijana akawa anakuja kila siku baada ya kazi, anasimama pale kwenye ukingo wa jiwe, mguu mmoja tu, maana wa pili ungekuwa ndani ya duka na angefukuzwa. Miaka saba. Jiwe likabonyea kabla moyo wa baba haujalainika.

Mvua ilikatika na hakuna aliyeondoka. Wale wauguzi walikuwa wanafuta machozi. Yule wa miwani akavua kiatu, akatia vidole vyake pale kwenye kibonyeo, akayumba, ikabidi mwenzake amshike kiuno asianguke. Wakapiga makofi. Nami, nisiwadanganye tena, nilisikia raha ambayo magavana wote wa kwenye daftari langu hawakuwahi kunipa.

Kesho yake nikaisimulia tena. Wiki iliyofuata ikaongezeka mwavuli. Kufikia Desemba binti alikuwa na jina na karani alikuwa na kikohozi.

Mengine mnayajua. Wapenzi wakaanza kuja wenyewe. Kila mmoja akitia vidole pale lazima mwenzake amshike, la sivyo anaanguka, na hapo ndipo utamu ulipo. Siku za Jumamosi mabibi harusi walipangana wakiwa na mashela yao, wapiga picha wakigombana. Mwenye duka, mzee mpole aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi mlangoni, alinisikia nikisimulia habari za duka la baba yake na hakusema kitu. Alikuwa anauza vitambaa vya harusi kuliko mtaa mzima.

Nanyi mkaichukua. Sikuwalaumu, hadithi haina mwenyewe. Lakini vijana, mliitendea nini! Mmoja wenu alimfanya karani kuwa mwanajeshi Mkamba, asante kwa heshima. Mwingine alimfanya Mmasai mwenye mkuki, ndiyo maana ati alisimama mguu mmoja. Mwingine akasema alikuwa Mzungu. Na kuna kijana mmoja, simtaji, anajijua, aliyenikuta pale na wageni akaninong'oneza kwa upole mkubwa, "Shosh, pole, ilikuwa miaka tisa, sio saba. Nimefanya utafiti."

Nilimshukuru. Ningesema nini?

Miaka ikaenda. Mzee wa chai ya tangawizi akafariki, duka likawa la mwanawe Hitesh, kijana mchapakazi niliyemjua akiwa na kaptula. Asubuhi moja ya Jumanne akaniita ndani.

"Mama Mutua, hebu keti. Nataka kuweka mlango wa kioo. Nataka kuweka taili. Hilo jiwe linateleza, na wiki jana kuna mama ameanguka hapo karibu avunje mkono."

"Jiwe la Mchumba?" nikauliza. "Hitesh, mwanangu, utang'oa Jiwe la Mchumba?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Nimekaa hapa nimesikiliza. Ijumaa moja peke yake, magaidi watano wamepita." Alilitamka hivyohivyo, nikatamani mama angekuwepo. "Mmoja anasema Mmasai. Mmoja anasema mwanajeshi. Wa mwisho anasema ati aliyesimama ni babu yangu! Babu yangu ndiye alikuwa mwenye duka. Angesimama nje kwa nini? Alikuwa amefungiwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Fundi wa taili anakuja Jumatatu," akasema. "Jumamosi uko na watu, si ndiyo? Nitasimama hapa niskize wewe, kwa sababu wazee wanasema ilianza na wewe. Kama kuna mtu wa kweli alisimama hapo, niambie ni nani, jiwe linabaki, naweka hata kibao. Kama ni porojo tu, Mama Mutua, mimi siwezi kuvunjia wateja mikono kwa sababu ya porojo."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumamosi yenyewe ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kustaafu, na niliwaza kwamba kitu pekee nitakachoacha katika mji huu ni lile jiwe. Majengo tuliyowaonyesha watu yalishabomolewa mengi, mnajua. Unamwonyesha mgeni nyumba ya mbao mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu unamwonyesha mabati ya ujenzi. Lile jiwe lilikuwa limesimama kwa nguvu ya uongo wangu. Nikaamua nitasema jina. Nitachagua karani, nitampa ukoo, nitampa kijiji, nitalia kidogo. Niliyafanyia mazoezi jikoni mbele ya sufuria.

Jumamosi wakaja akina mama wa kanisa kutoka Riruta, kumi na sita, viatu vyeupe vitupu, karibu vinichanganyie hesabu. Mmoja wao alikuwa mkubwa kwa umri, nafikiri ananipita miaka michache, anatembea na mkoba mkubwa mweusi ameukumbatia kwa mikono miwili. Waliniambia ni Mama Nyokabi. Tulipokuwa bado stesheni akaniuliza, "Mama, na ile jiwe ya duka ya vitambaa tutafika?"

"Hilo tutalifikia mbele," nikamwambia, na safari hii ilikuwa kweli.

Tukafika. Nikawapanga ukutani, mikoba mbele. Hitesh akatoka akasimama mlangoni na mikono amekunja. Nikavuta pumzi, nikaanza: "Zamani palikuwa na karani mmoja maskini..."

Nilikwenda vizuri, msifikiri. Nilifika kwenye kikohozi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja jina nililolipika jikoni, ndipo Mama Nyokabi akasema, si kwa nguvu, kama mtu anayejisemea, "Haiya. Lakini hapo baba alikuwa ananoa mkasi."

"Umesema?" Hitesh akauliza.

"Baba yangu. Fundi Gathogo. Alikuwa anashonea hapa barazani, cherehani yake ilikuwa hapo ile nguzo iko." Akaonyesha nyuma yangu. "Asubuhi kabla ya kuanza, ananoa mkasi kwa hiyo jiwe. Mchana tena. Miaka mingi sana. Mafundi wengine pia, lakini huyo wetu alipenda makali, alikuwa msumbufu." Kisha akanitazama kwa upole, na ndio upole uliniua. "Na mama, mtu atasimamaje hapo miaka saba? Ni kwa ukingo. Si ataanguka?"

Woi! Miaka yote hiyo niliona wapenzi wakiyumba, wakishikana, na haikunipitia kichwani kwamba hakuna mtu anayesimama mahali pasiposimamika.

Ningeweza kuruka, nikane kila alichosema. Niwaambie ukweli: nilifikiria kuruka. Mwongozaji mwenye miaka yangu anaweza kumgeuza bibi kizee wa kanisani kuwa sehemu ya hadithi kabla hajafunga mdomo. Lakini yule mama alikuwa ameshafungua mkoba. Akatoa kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kaki, akakifungua taratibu. Mkasi wa fundi, mkubwa, mweusi, visu vyake vimeliwa mpaka vimekuwa vyembamba. Alikuwa ameubeba kutoka Riruta ili awaonyeshe wenzake. Akapiga magoti na suti yake nzuri ya Jumapili, akaulaza mkasi kwenye kile kibonyeo. Ukakaa. Akauvuta mara moja, na jiwe likatoa mlio mdogo wa kukwaruza. Akaangalia juu akitabasamu, machozi yanamtoka.

Niliona haya. Sijui niiseme vipi zaidi ya hivyo. Huyo baba alikaa hapo akiinama, akishona suruali za mji mzima, na alama pekee aliyoiacha katika Nairobi nilimnyang'anya nikampa karani ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na unajua kwa nini sikujua? Kwa sababu ya zile kuta. Kila nilipofika pale nilikuwa nimewatazama wageni, na mafundi wa baraza walikuwa mgongoni kwangu. Bado walikuwepo miaka yangu ya mwanzo, cherehani tatu au nne, kabla hawajahamishiwa ghorofani. Niliwasikia wakicheka nikisimulia. Nilidhani wanafurahia hadithi.

"Hitesh," nikasema mbele ya watu wote, "hakuna karani. Nilitunga. Ilikuwa inanyesha."

Akina mama wakaguna kwa pamoja. Mmoja akasema, "Aki Mama Mutua, na mimi nilishalia!"

Hitesh akakuna kidevu. Nilimwona anahuzunika, kwa kweli, hata yeye alikuwa amempenda huyo karani. "So ni porojo," akasema. "Hakuna mchumba."

"Kuna fundi," nikasema. "Si fundi ni bora?"

"Mama Mutua, hakuna bibi harusi atakuja kupigwa picha na mkasi."

Nikajua limekwenda. Jumatatu patachimbwa.

Hapo Mama Nyokabi, bado amepiga magoti, akapangusa mkasi wake na kile kitambaa cha kaki. "Nani amekwambia hakuna mchumba?" akasema.

Sote tukamgeukia.

"Unafikiri baba alimpata mama wapi? Mama alikuja hapa na kitambaa, anataka rinda ya kwenda kanisa. Baba akampima. Akamwambia, mkasi hauna makali, rudi kesho. Kesho akarudi. Akakuta baba ananoa. Akamwambia, bado, rudi Alhamisi. Alhamisi ananoa." Alikuwa anaigiza sasa, mkono unakwenda mbele na nyuma juu ya jiwe. "Miezi minane! Rinda moja, miezi minane, na mkasi unaweza kukata hata nywele ya mtoto. Mama alijua. Alikuwa anakaa hapo kwa kiti kidogo anamwangalia tu. Sasa wewe niambie hiyo jiwe imekulwa na nini."

Hitesh alicheka mpaka akashika mlango. Akina mama wa Riruta wakapiga vigelegele barabarani, mlinzi wa duka la pili akatoka kuona. Mama mmoja aliyekuwa na mumewe nyumbani akiugua meno akasema anamleta Jumamosi ijayo, meno au hakuna meno. Hitesh akanitazama, akatikisa kichwa.

"Fundi Gathogo," akasema. "Inaandikwaje?"

Jiwe lipo, mmeliona. Fundi wa taili alikuja Jumatatu, akaweka taili zake ndani, na pale nje akatia ukanda wa kuzuia kuteleza. Kibao kipo ukutani: "Hapa Fundi Gathogo alinoa mkasi wake." Mama Nyokabi alikataa neno mchumba liandikwe. Alisema baba yake alikuwa mtu wa kazi. Wapenzi bado wanakuja, bado wanayumba, bado wanashikana. Kwa hiyo mkisimama pale, nawaomba, mtajeni yeye kwanza. Halafu geukeni. Kila mnaposimama mahali, kabla ya kusema neno lolote, geukeni mwone ni nani amekaa nyuma yenu anacheka, mumuulize. Muuza mishipi alitaka kujua watu walikula wapi mchana. Mafundi wale wangenijibu hata kabla sijamaliza kuuliza.

Kuna kitu kimebaki.

Mama Nyokabi na mimi tulikuja kuwa marafiki baada ya hapo. Mpwa wake ana saluni Kenyatta Market, na mwezi jana alinialika, tukasukwa nywele kama wasichana, halafu tukavuka upande wa nyama choma tukaagiza mbavu za mbuzi. Tukapiga stori. Alikuwa ananieleza habari za utoto wao huko Murang'a, jinsi walivyoishi kwa shosho yao, jinsi barua zilivyochelewa. Akasema, "Baba alipokuja Nairobi kutafuta kazi ya kushona, mama alibaki na sisi nyumbani. Tulikuwa tumezaliwa wawili. Mama hata hakuwahi kufika mji huu mpaka mimi niko darasa la pili."

Nikaacha kutafuna.

Nilimtazama. Alikuwa anachagua mfupa kwa makini sana.

"Mama Nyokabi," nikasema. "Kama mlikuwa mmeshazaliwa wawili, hiyo rinda ya miezi minane ilikuwa ya nani?"

Hakuinua macho. Alitabasamu, akanyoosha mkono wake kuelekea mbele, juu ya sahani, juu ya kachumbari, mpaka upande wangu wa meza.

"Hilo tutalifikia mbele," akasema. "Hebu nipitishie chumvi."

Nikampitishia.